Dakika Tatu za Salamu Shambani kwa Jilala

Vijana wa kikundi cha trekta hapa Itilima wameniomba niwaeleze namna ya kupima bomba la kupulizia dawa. Nimestaafu, muda ninao, na goti la mguu wa klachi haliniruhusu kwenda mbali, kwa hiyo nitawaeleza. Nawaonya tu kwamba naongea kama nilivyopuliza maisha yangu yote: nikifika mwisho wa shamba nageuza, narudi nilikotoka.

Silizungumzii bomba la kubeba mgongoni. Hilo mnalijua, na migongo yenu inalijua zaidi. Nazungumzia lile linalofungwa nyuma ya trekta. La kwetu lilikuwa na tangi la lita mia nne na mabawa mawili ya kukunjua, yenye nozeli kumi na sita kwa jumla, moja kila nusu mita. Ukiyakunjua unapuliza upana wa mita nane kwa safari moja. Pampu inazungushwa na shafti ya nyuma ya trekta. Trekta letu lilikuwa na klachi ya hatua mbili: ukiikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini shafti inaendelea kuzunguka. Lishikeni hilo, kwa sababu mimi nililifahamu vizuri kabisa na bado likaniponza.

Aliyenifundisha ni Fundi Mwakalinga, mtu wa Mbeya aliyeletwa kwenye karakana moja ya matrekta mjini Bariadi akiwa kijana na akazeekea hapohapo. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na Kisukuma chake kiliishia kwenye majina ya vyakula. Siku ya kwanza alinipa fimbo mbili, kamba ya mita mia na jagi la plastiki lenye alama za mililita. Nikamuuliza spana ziko wapi.

"Hizo ndizo spana," akasema.

Kazi ilikuwa hivi. Unachomeka fimbo mbili shambani, umbali wa mita mia. Tangi unalijaza maji matupu hadi nusu. Unachagua gia, unaweka mafuta mpaka mshale wa mizunguko ufike kwenye alama ya shafti, kisha unaanza kutembea mapema, ili ukiifikia fimbo ya kwanza trekta liwe limeshakolea mwendo. Mwenzako anashika saa. Ukitumia dakika moja kamili kati ya fimbo na fimbo, huo ni mwendo wa kilomita sita kwa saa, na kwa bomba letu ulikuwa mwendo mzuri. Baada ya hapo unasimamisha trekta, unaacha shafti izunguke kwa mizunguko ileile, unakinga jagi chini ya kila nozeli kwa dakika moja. Kila nozeli. Mkichoka na kupima nne tu, mtakuwa mmepima nne.

Tuseme kila nozeli imetoa lita moja. Nozeli inapuliza upana wa nusu mita, na kwa dakika moja umekwenda mita mia, kwa hiyo lita moja imetosha mita za mraba hamsini. Ekari ni kama mita za mraba elfu nne, yaani vipande themanini vya namna hiyo. Basi ekari moja inakula lita themanini, na tangi la mia nne linamaliza ekari tano. Dawa ya ekari tano unaimimina kwenye tangi hilo kama karatasi ya chupa inavyosema. Ni hesabu ya darasa la sita, lakini nimeona watu wazima wakiikwepa kama deni la dukani.

Mimi nilianza kwa kupima mwendo barabarani. Barabara ya changarawe ilikuwa karibu, imenyooka, na nilitaka kumaliza mapema. Nikapata dakika moja safi kabisa. Nilipoingia shambani, kwenye udongo mweusi wa mbuga, magurudumu yakawa yanateleza, na mita zilezile mia zikanichukua sekunde karibu sabini. Fundi Mwakalinga alikuwa amekaa kwenye debe pembeni, saa mkononi, wala sikujua kwamba ananipima.

"Ulipanga kupuliza barabara?" akaniuliza.

Kosa la pili lilikuwa la mwiba. Nozeli iliziba, nikakata mwiba wa mgunga, nikaizibua. Maji yakatoka vizuri, tena vizuri mno, kwa sababu nilikuwa nimelipanua tundu lake. Kutoka siku hiyo nozeli ile ilitoa lita moja na robo wakati wenzake wanatoa lita moja. Fundi aliifungua, akanipa niivae shingoni kwa uzi hadi jioni. Nozeli inasafishwa kwa mswaki wa zamani na maji. Na msiipulize kwa mdomo, kwa sababu ilikotoka kuna sumu.

Siku hizi mambo yamelainika. Simu inaonyesha mwendo wa trekta, na kuna mahali nasikia wanapuliza kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Sina ugomvi nayo. Ila simu inakuonyesha mwendo wakati unaitazama, na shamba linahesabu hata wakati hutazami. Kushika mwendo mmoja ni kazi ya mguu. Chagua gia kabla ya kuingia na usiibadilishe katikati. Ukitaka kusimama, funga kwanza dawa kwa ule wenzo wa nyuma ya kiti, halafu ndiyo ukanyage klachi. Kwanza dawa, halafu klachi. Nitawaeleza kwa nini nalirudia hilo.

Nilikuwa nimeshakuwa dereva mzoefu. Watu walikuwa wananiita kutoka Bariadi hadi Meatu, na nilikuwa nimeanza kuamini maneno yao. Jilala, mkulima wa kitongoji kimoja jirani na Lagangabilili, aliniita kupuliza dawa ya magugu kwenye mahindi yake machanga, ekari tano. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupuliza kwa trekta. Nilipima bomba mbele yake kwa fimbo na jagi. Alipenda sana jagi. Asubuhi hiyo sina kosa lolote la kupima.

Mistari ya mahindi ilipita sambamba na kaya ya bibi mmoja mjane, Mayu Mbuke. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo wote tulivyomwita. Aliishi peke yake, watoto wameolewa mbali, na mlango wake ulitazama shamba la Jilala katikati kabisa. Nilianza safari ya kwanza upande wake. Nilipokaribia, alikuwa amesimama kwenye ua wake wa minyaa, amekunja mikono, anatazama mashine.

Sasa mnajua kwetu. Mtoto wa watu hapiti mbele ya mama mtu mzima kama gari la wagonjwa. Nikakanyaga klachi nusu. Nikashusha barakoa, kwa sababu kumsalimia mkubwa huku umefunika mdomo ni kukosa adabu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?" Aliniita mwanangu, akaniuliza habari.

"Mhola duhu," nikajibu, yaani salama tu.

Injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo tulipaaza sauti. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia ni Maduhu, nikataja na baba. Akamkumbuka baba. Akauliza ng'ombe, akauliza mvua ya upande wetu, akauliza mama kama bado yupo. Hayo yote ni dakika moja na kitu, si zaidi. Nikaachia klachi nikaenda. Niliporudi na safari ya pili bado alikuwa pale, akakumbuka kitu kuhusu shangazi yangu, nikasimama tena, kidogo. Safari ya tatu ni kicheko tu na maneno mawili. Ya nne nilipunguza mwendo nikainua mkono. Ya tano vilevile, lakini nilikuwa mbali, akawa ananiitikia kwa kichwa. Baada ya hapo aliingia ndani na mimi nikaendelea na kazi.

Dawa iliniishia kabla ya shamba kuisha. Ilibaki safari moja na nusu upande wa mbali, yaani kama lita hamsini. Nilitazama tangi, nikatazama nozeli, zote ziko sawa. Mtu mwenye akili angejiuliza lita hizo zimekwenda wapi. Mimi nilimwambia Jilala kwamba shamba lake limezidi ekari tano. Alifurahi sana, akaniletea maziwa.

Baada ya siku nane au tisa, nikiwa nakunywa chai Lagangabilili, nikasikia watu wa meza ya pili wanazungumza kuhusu mahindi ya Jilala. Yameungua, wakasema, na hayakuungua ovyo. Moto umetokea mlangoni kwa yule bibi. Karibu na ua wake yamekauka kabisa, eneo pana, na kadiri unavyokwenda mbali naye ndivyo kuungua kunavyopungua mpaka kunaisha. Kwingine kote mahindi ni ya kijani. Mmoja akakumbusha kwamba mwezi uliopita Jilala alifiwa na ng'ombe. Hakuna aliyetaja neno lenyewe, uchawi, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilikwenda kutazama jioni hiyohiyo. Nilipima kwa hatua. Mabaka yalikuwa matano, yamepangana kutoka mlangoni kwa Mayu Mbuke, na kila baka lilikuwa na upana wa mita nane. La kwanza lilikauka hadi ardhini. La tano lilikuwa na njano tu kwenye ncha za majani. Ilikuwa picha ya mazungumzo yetu, kuanzia baba yangu hadi mkono wa mwisho. Bomba zima linatoa lita kumi na sita kwa dakika, na lita hamsini ni dakika tatu na sekunde chache. Nilikuwa nimesimama mbele ya yule mama dakika tatu kwa jumla, na kila sekunde dawa ilikuwa inamwagika mahali pamoja. Tena nilikuwa namwagia mtu mzima ukungu wa dawa usoni kwa jina la heshima, jambo ambalo lilinijia akilini siku nyingi baadaye.

Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama pale. Nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani, nikanyamaza siku nne.

Msinitafutie sababu nzuri. Niliogopa jina langu. Nilikuwa yule dereva wa jagi, na nilijua mwenye trekta, yule aliyeniajiri, akisikia ataniondoa kwenye bomba. Nikajiambia maneno ya watu yatapoa yenyewe. Siku ya nne nikaambiwa mwenyekiti wa kitongoji ameitisha mkutano wa Jumamosi, na ajenda ni kumtenga Mayu Mbuke. Nyinyi vijana wa leo mnaweza msijue kutengwa ni nini. Mtu hapigwi. Hakuna anayemuuzia chumvi, hakuna anayemchotea maji, hakuna anayemsalimia wala kuitikia salamu yake. Anayemsalimia naye anatozwa faini. Kwa mama wa umri ule, anayeishi peke yake, hiyo ni hukumu ya mwisho, na wakati mwingine hao wanaotenga ndio wapole, wapo wengine wanaokuja baada yao.

Nikaenda Bariadi kwa Fundi Mwakalinga. Alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku. Nikamweleza kila kitu, nikamaliza kwa kusema kwamba nilikuwa nasalimia tu.

Akaendelea kuwamwagia kuku pumba. "Bomba halina mila," akasema. "Lita moja kwa dakika. Usalimie, usali, ulale."

"Nitawaambiaje, fundi? Watasema nimehongwa na bibi."

"Usiwaambie. Wewe unaongea vibaya. Waonyeshe."

Jumamosi nilifika na trekta na tangi la maji. Nilimwomba mwenyekiti dakika chache kabla ya mkutano, uwanja wa shule ukiwa mkavu na vumbi lake jeupe. Watu walikuwa wengi. Mayu Mbuke alikuwa amekaa peke yake ukingoni mwa uwanja, kitenge kimefunika mabega, na kati yake na mtu wa karibu palikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni. Nikasema mbele ya wote kwamba mahindi ya Jilala niliyachoma mimi, na kwamba nataka waone. Nikamwomba mwenyekiti asimame mahali fulani, awe ndiye Mayu Mbuke. Watu wakacheka kidogo. Akasimama, akakunja mikono kama alivyoelekezwa.

Nikapita nikipuliza maji. Nilipomfikia nikakanyaga klachi nusu, nikashusha barakoa, nikamsalimia salamu nzima, na yeye kwa mazoea akaniitikia nzima, hadi tukafika kwenye afya ya ng'ombe. Nikaondoka. Nikarudi na safari ya pili, salamu fupi. Ya tatu, fupi zaidi. Ya nne mkono. Ya tano mkono kwa mbali. Kisha nikazima injini.

Uwanja ulikuwa umelowa unyevu mwembamba kila mahali nilipopita, ule ambao jua linaukausha ukiutazama. Mbele ya mwenyekiti kulikuwa na madimbwi. Kubwa lilikuwa miguuni pake, na mengine yakazidi kuwa madogo kadiri yalivyokwenda mbali naye. Waliokuwa wameliona shamba hawakuhitaji maelezo. Mzee mmoja alisema nirudie bila salamu, nikarudia upande wa pili wa uwanja kwa mwendo mmoja, na hapakuwa na dimbwi hata moja.

Jilala alitembea kwenye tope lote, safari kwa safari, anahesabu kimoyomoyo. Aliporudi alisimama kando ya gurudumu la trekta.

"Kwa hiyo," akasema, "shamba langu ni ekari tano tu?"

Nikamwambia ndiyo, tano tu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti akasema mkutano hauna ajenda tena, na watu wakaondoka wakisalimiana kwa kuigiza klachi. Nami nilicheka. Nilijisikia mwepesi, nikaona nimemaliza kazi. Mwenye trekta aliniondoa kwenye bomba msimu mzima nikawa nasomba pamba kwa tela, na sikuwa na la kulalamika.

Wiki mbili baadaye Mayu Mbuke alinitumia ujumbe nipitie kwake na tela. Nilidhani ana pamba. Nilikuta magunia mawili ya mtama, kitanda kimefunguliwa vipande, sufuria kwenye beseni, na kuku wamefungwa miguu. Alitaka nimpeleke Ipililo kwa binti yake.

Nilipakia. Nilimuuliza kama anakwenda kutembea, akasema anahama. Nikamwambia mambo si yameisha, watu wote waliona, hakuna anayemdhania tena.

"Wameona," akasema. "Walikuja hapa watu wanne kuniambia trekta limenisafisha. Walikunywa uji wangu. Hakuna aliyesema alinikosea."

Alikuwa anamfunga kuku wa mwisho. Nikamwambia mimi nilimkosea, kwa zile siku nne. Nilimweleza kwamba nilijua tangu jioni ya kwanza na nikanyamaza. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hilo zaidi ya Fundi Mwakalinga. Nilitegemea atanilaani, au atasema yameisha, na kati ya hayo mawili sijui ni lipi nililolitaka.

Alinipa kuku nimweke kwenye tela. Halafu akapanda, akakaa juu ya magunia, akapanga kitenge vizuri miguuni.

"Hilo trekta walilitazama saa moja, ng'wanawane, wakaliamini," akasema. "Mimi wamenitazama miaka arobaini."